Mjomba wa Pili Kwenye Orodha

Fundi wa mitandao mwenye kitambi ana shida mbili: ngazi, na watu wanaomshikia ngazi. Huyu wa kwetu walimwita Pampu, na wala si kwa ajili ya kitambi, ingawa kitambi nacho kilistahili jina lake. Walimwita hivyo kwa sababu ya kicheko chake. Kilianza kama pampu ya maji iliyozeeka: khe... khe... khe... mara tatu kikikataa, watu wakidhani mtu anakata roho, halafu cha nne kinashika, na hapo mtaa mzima unajua kuna mtu kachekeshwa.

Kicheko hicho kishikeni vizuri. Tutakihitaji.

Jioni moja, saa kumi na mbili kamili, Pampu alifika kwa dada yake, begi la kazi begani. Dada yake alikuwa mshonaji, mjane wa mwaka na nusu, anaishi na binti yake wa miaka saba katika nyumba ya kupanga yenye ukuta mrefu na geti la chuma. Binti walimwita Kidoti, kwa kidoti cheusi kilichokaa chini ya jicho kama nukta iliyosahau sentensi yake. Pampu hakuwa na mke wala mtoto. Ukiwatoa hao wawili, aliyebaki naye duniani ni redio.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba Bi Mkubwa. Umenilindia nyumba?"

"Nimelinda. Lakini kuna mtu anapiga hodi."

"Nani?"

"Hajulikani. Anapiga, halafu anaenda."

Mama yake Kidoti alikuwa kwenye cherehani sebuleni, pini zimejaa mdomoni, anasemea pembeni.

"Afadhali umekuja, mdogo wangu. Hilo kufuli lako la umeme litaniua. Kila jioni giza likianza kuingia, tka, tka, tka. Mara tatu. Natoka, hakuna mtu. Narudi ndani, kimya mpaka kesho yake."

"Lina njaa."

"Usinichekeshe nina pini." Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake. Hakuwa anacheka. "Nakwambia mapema, Pampu. Wakwe zangu wamepiga simu tena jana. Wanasema mjukuu wao hawezi kukulia nyumba ya kupanga wakati kwao vyumba vimekaa vitupu. Mimi sitaki kwenda. Ila kwa nyumba hii, kikitokea kioja kimoja tu kingine, nafunga mizigo."

Kwa wakwe ni safari ya siku mbili. Pampu alilijua hilo. Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi, maana yake Kidoti angemwona mjomba wake kwenye misiba na harusi tu, na ukoo wenyewe ulikuwa mvivu wa kuoa. Akakohoa kicheko kimoja, khe, akakiacha hapo hapo.

Kufuli lile alikuwa amelitoa kwenye ofisi iliyofilisika. Waifai nayo aliifunga kwa masalia ya kazi za hoteli: ruta moja na antena tatu, moja juu ya geti, moja sebuleni, moja chumbani kwa mtoto. Mshonaji wa watu akawa na mtandao wa kumshinda meneja wa benki. Utaratibu ulikuwa mwepesi. Simu iliyoandikwa kwenye orodha ya WA NYUMBANI ikikaribia geti, kufuli linafunguka lenyewe. Isiyoandikwa, kufuli linagonga ulimi wake, tka, linabaki limejifunga.

Akaketi mezani, akafungua laptopu.

Kujua nani yuko hewani ndani ya nyumba ni kazi ya mwalimu wa zamu. Programu inaita namba zote, moja mpaka mia mbili hamsini na nne, na kila kilicho hai kinaitika: nipo. Kilichozimwa hakiitiki. Aliyeitika anaandikwa jina lake na antena aliyo karibu nayo. Aliyetangulia kuingia anakaa juu. Aliyeingia mwisho, chini kabisa, kama abiria aliyechelewa.

SIMU YA DADA, SEBULENI. TELEVISHENI, SEBULENI. TABLETI YA KIDOTI, CHUMBANI. MJOMBA, SEBULENI.

Huyo MJOMBA ni simu ya Pampu mwenyewe. Kidoti ndiye aliyeiandika mwaka jana, kwa kidole kimoja, ulimi nje. Vyombo vinne, vyote anavifahamu. Hakuna mgeni.

Basi akafungua daftari la waliokataliwa getini, linaloandikwa na ruta yenyewe.

Jana, saa kumi na mbili na dakika arobaini na saba. Mara tatu. Juzi, saa kumi na mbili na dakika arobaini na saba. Mara tatu. Akarudi nyuma wiki. Akarudi nyuma mwezi. Akarudi mpaka wiki ile dada yake alipohamia, mwaka na miezi miwili iliyopita. Hakukosa hata jioni moja. Hata siku ile umeme ulipokatika mtaa mzima kutwa kucha alikuwa kaandikwa, mara tatu, dakika ile ile.

Siku hiyo ruta ilikuwa imezimika.

Nani aliandika?

Pampu akasogea karibu na kioo cha laptopu. Kila chombo hutoka kiwandani na namba yake, tarakimu na herufi kumi na mbili, kama chale. Hakuna viwili vyenye namba moja. Akaitafuta namba ya huyu. Sufuri. Sufuri kumi na mbili, zimepangwa kama macho. Na mahali pa jina, patupu.

Mtu mwenye adabu akifika kwa watu hupiga hodi. Asipoitikiwa hupiga ya pili. Ya tatu akikosa karibu, anaondoka zake. Ndivyo tulivyofunzwa sote. Huyu naye alikuwa kafunzwa vizuri mno.

"Umeona nini?" Dada yake alikuwa amesimama nyuma yake, futi ya kupimia inaning'inia shingoni.

"Nimeona simu yangu ya zamani," Pampu akajibu, haraka kuliko alivyofikiri. "Iko humu begini muda wote. Nikipita barabara hii kutoka kazini, inahangaika kutafuta waifai. Kumbe ndiyo inayokutisha."

"Mwaka mzima?"

"Haijui kukata tamaa. Kama mwenyewe."

"Kweli, Pampu?"

"Naapa kwa kitambi."

Dada akamtazama, mabega yakashuka. Hapo ndipo Pampu alipoona jinsi alivyokuwa amechoka. "Basi iandike kwenye orodha, ikiingia iingie, iache kunigongea geti. Iandike nikiona."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Pampu iliishia kwenye kitufe. Akikataa, ataulizwa kwa nini. Akisema kwa nini, mizigo inafungwa. Halafu kulikuwa na akili ya kifundi nayo, iliyomnong'oneza: mwizi wa dirishani humjui, mfungulie ua umwone sura, kisha umfungie moja kwa moja. Ruta ile ya masalia haikuwa na njia ya kumpa mgeni jina bila kumweka WA NYUMBANI. Akamweka. Mahali pa jina, dada yake akiwa anaangalia, akaandika jina lile lile la simu yake nyingine.

MJOMBA.

"Haya," dada akasema, akarudi kwenye cherehani yake. Kidoti akaenda chumbani na tableti yake.

Saa ya ukutani ilionyesha kumi na mbili na dakika arobaini na sita.

Pampu akangoja. Cherehani inatembea... inasimama... inatembea.

Kufuli halikugonga.

Lilifunguka.

Krrr... geti likasogea lenyewe, polepole, kama linavyomfungukia mtu wa humo ndani. Chini kabisa ya orodha mstari mpya ukatokea: MJOMBA, GETINI.

"Upepo," Pampu akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza. Akachukua simu yake akatoka.

Uani hapakuwa na kitu ila kamba ya nguo na ndoo. Geti lilikuwa wazi kiasi cha mtu kupita ubavu. Na palikuwa na harufu... majivu. Majivu yaliyomwagiwa maji. Akatoka nje, akaenda mpaka kona ya ukuta, akaangaza huku na huku. Mwenye duka mbali kule alikuwa anashusha mlango wa bati. Mtu mwingine hakuna. Simu mkononi ikalia kidogo: mtandao umepotea. Akageuka, akarudi, akapita getini, simu ikalia tena: mtandao umepatikana.

Akaangalia orodha.

MJOMBA, SEBULENI.

Yeye alikuwa uani.

Ndani, mtu akakohoa. Khe.

Mara moja tu, kavu, kama anayeonja kitu asichokijua. Pampu akaweka mkono mdomoni kwake kuhakikisha. Mdomo ulikuwa umefungwa.

Akaingia. Dada yake alikuwa ameinamia cherehani, amempa mgongo.

"Mbona unapitapita?"

"Ndiyo naingia sasa."

"Si umepita hapa nyuma yangu? Hata hukusema kitu, nikashangaa, leo mdomo umeusahau wapi."

Pampu alikuwa anaangalia simu.

MJOMBA, CHUMBANI.

Ukumbi wa kwenda chumbani ni hatua tisa. Aliwahi kuzihesabu akivuta waya. Jioni ile hazikuisha. Harufu ya majivu ilimtangulia njia nzima.

Taa ya chumbani ilikuwa imezimwa. Kidoti kaketi kitandani, tableti magotini, mwanga wake unampanda usoni. Hakuwa anaitazama. Alikuwa anatazama kiti cha kona, kile anachokalia Pampu kila Ijumaa kumsimulia hadithi za uongo. Kiti kilikuwa kitupu.

Mto wake ulikuwa umebonyea. Umebonyea sana... kama uliokaliwa na mwenye kitambi.

Kidoti akageuza kichwa. Akamtazama Pampu mlangoni. Akatazama kiti. Akarudi mlangoni.

"Mjomba," akanong'ona, "mbona mko wawili?"

"Njoo huku, Bi Mkubwa. Taratibu."

"Yule hajui kucheka. Namfundisha."

Na kutoka kwenye kiti kitupu, karibu na ukuta, kikatoka kicheko. Khe... khe... kikafia hapo.

Pampu alikuwa na ulimi wa kuchekesha ukumbi mzima, lakini ulimi ulilala. Vidole tu ndivyo vilivyobaki na akili, kwa sababu vidole vya fundi vinafanya kazi hata mwenyewe akifa. Vikafungua orodha. Vikatafuta MJOMBA. Wa kumfuta.

Wakatokea wawili.

MJOMBA, CHUMBANI. MJOMBA, CHUMBANI.

Angalia namba ya kiwandani, akajiambia. Yule ni wa sufuri. Akaangalia ya juu: namba yake, anayoijua kichwani. Akaangalia ya chini, akitegemea sufuri kumi na mbili.

Namba yake.

Ile ile, herufi kwa herufi. Sufuri zilikuwa zimekwisha. Mwaka na miezi miwili alikuwa hana jina wala namba. Kwa dakika kumi za ukaribisho, alikuwa na vyote viwili.

Khe... khe... khe... kiti kikasema. Tatu. Bado cha nne.

"Amekaribia," Kidoti akasema kwa furaha ya mwalimu.

Mmoja afutwe. Yupi? Pampu akafikiri kwa mbio. Aliyetangulia juu, aliyeingia mwisho chini. Yeye alifika saa kumi na mbili kamili. Mgeni kaingia na dakika arobaini na saba. Mgeni ni wa chini. Hesabu ya mtoto wa chekechea.

Akabonyeza wa chini. Simu ikauliza: UFUTE KABISA? Akabonyeza ndiyo.

Kimya.

Mto wa kiti ukainuka, polepole, ukajaa hewa. Harufu ikapungua, ikawa kama kumbukumbu ya harufu. Simu ikabaki na MJOMBA mmoja, CHUMBANI, na Pampu akaegemea fremu ya mlango.

"Ameondoka?" Kidoti akauliza.

"Ameondoka."

"Yupi?"

Pampu akataka kucheka, ili mtoto asiogope. Khe... khe... khe... Akangoja cha nne. Hakikuja. Katika miaka yake arobaini na minane, ilikuwa mara ya kwanza kisishike.

"Pampu," dada akaita kutoka sebuleni, "geti linagonga ukuta huko, nenda kalifunge. Kisha uje ule, chakula kinapoa."

"Baki hapo hapo, Bi Mkubwa. Narudi sasa hivi."

Kidoti alikuwa ameshageukia kiti.

Uani giza lilikuwa limeshika. Pampu akalikamata geti kwa mikono miwili, akalivuta. Kufuli hupimwa kwa nje, fundi yeyote atakwambia. La kupimwa kwa ndani si kufuli, ni pambo. Basi akatoka barabarani, akalivuta mpaka likajifunga, akasukuma kwa bega kuona kama limeshika. Limeshika. Akajipongeza. Akainua simu ili limfungulie.

Tka.

Akaisogeza karibu zaidi.

Tka.

Kwenye kioo cha simu maneno mawili: HUNA RUHUSA.

Ndipo akakumbuka. Alitoka. Alikwenda mpaka kona ya ukuta akitafuta mtu, na simu ikapoteza mtandao, na aliporudi getini ikaupata tena. Aliingia upya. Baada ya mgeni. Aliyeingia mwisho nyumba ile jioni ile alikuwa yeye.

Wa chini alikuwa yeye.

Vidole vikafungua mipangilio ya simu, vikateremka mpaka kwenye namba ya kiwandani. Hakutaka kuangalia. Aliangalia.

Sufuri. Sufuri kumi na mbili.

Akampigia dada yake. Simu ikaita, akaisikia ikiita na kule ndani pia, nyuma ya ukuta, hatua kumi na tano kutoka aliposimama.

"Hallo, nani mwenzangu?"

"Mimi, dada. Fungua geti. Mtoe Kidoti chumbani, toka naye nje, usigeuke nyuma."

Akasikia pumzi za dada yake.

"Wewe nani?"

"Pampu. Mdogo wako."

Dada akashusha sauti mpaka ikawa nusu ya mnong'ono. "Pampu yuko hapa mbele yangu. Anakula."

Simu ikakatika. Akapiga tena. Ikawa imezimwa.

Kupitia dirisha la sebule lililokuwa wazi, juu ya ukuta, vikamjia vijiko na sahani, kiti kikivutwa, na Kidoti akisema kitu cha kuchekesha. Alijua ni cha kuchekesha kwa sababu mtu alikichekea. Khe... khe... khe...

Cha nne kikashika.

Kikashika vizuri, kikajaa nyumba, kikaruka ukuta, kikafika barabarani. Mwenye duka kule mbali, akiwa ameinama kwenye kufuli lake, akainua kichwa akatabasamu kama wafanyavyo wote mtaa ule. Kisha macho yake yakapita pale Pampu aliposimama, hayakutua, akainama tena kufunga.

Pampu akaweka kiganja kwenye chuma cha geti. Kilikuwa cha baridi. Akamfikiria yule wa sufuri, jioni mia nne na ushee, mvua na jua, anafika dakika ile ile, anapiga tatu, anaondoka. Pengine naye nyumba hii ilikuwa ya dada yake. Pengine alikuwa mjomba wa mtu. Harufu ya majivu ilimjia tena puani, karibu sana, akazunguka kuitafuta inakotoka. Ilitoka kwenye shati lake.

Hakubaki na kingine cha kufanya ila kile alichofunzwa.

"Hodi," akasema.

Vijiko vikatulia.

"Hodi."

"Mama," sauti ya Kidoti ikasema ndani, "yule mtu anapiga hodi tena."

Na sauti nyingine ikamjibu, nene, ya kirafiki, yenye tabasamu ndani yake. Ni sauti aliyoisikia tangu alipobaleghe, kila alipofungua mdomo.

"Usimwitikie, Bi Mkubwa. Akipiga ya tatu ataenda zake."

Pampu ameziba mdomo kwa mikono miwili. Ya tatu iko kwenye ulimi, nzito, inasukuma meno itoke. Amesimama hapo. Anaishikilia.